Mgonjwa wa Kitabu cha Zamani

Kwetu Uru, kabla sijaenda kusomea mambo ya akili na kurudi nikiwasumbua watu, mlevi alijulikana kwa kipimo kimoja tu: mfongo. Mfongo ni mfereji wa maji ya kumwagilia mashamba. Huo wa kwetu ulitoka juu msituni, ukapita katikati ya migomba, ukawa ndio mpaka kati ya kihamba, yaani shamba la nyumbani, cha baba yangu na kihamba cha mdogo wake. Juu yake palilazwa gogo la kuvukia. Ukinywa mbege yako, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ukavuka salama, wewe ni mzima, hata kama umemaliza mtungi. Ukitumbukia, wewe ni mlevi, na hakuna pa kukata rufaa.

Mbege ilinywewa kwa baba. Baba ndiye aliyekuwa mkubwa, na wageni walifikia kwake. Akishamaliza aliinuka kwenye kigoda, akapita mlango wake, akalala. Mwenye safari ya kuvuka gogo alikuwa baba mdogo, na baba mdogo alitumbukia. Alitumbukia masika, alitumbukia kiangazi, na mwaka mmoja maji yalipofungwa ili mfongo usafishwe alitumbukia kwenye tope. Watoto tulikuwa tukisikia kishindo tunasema, "Baba mdogo amefika nyumbani."

Alikuwa fundi seremala, mpole, mwembamba, mtu ambaye hata kuku walimzoea. Lakini kichwa cha pombe hakuwa nacho kabisa. Kata ya kwanza anacheka. Kata ya pili anaimba misa ya Kilatini, vipande vipande, vile alivyovikumbuka tangu alipokuwa akitumikia altareni. Kata ya tatu hakuwahi kuimaliza, maana huyo tayari yuko njiani kwenda mfongoni.

Baba alikuwa kinyume chake, na alisifiwa kwa hilo tarafa nzima. "Yule mzee ana kichwa!" Angeweza kukaa tangu watu wanaporudi sokoni mpaka giza linaingia, kata inajaa na kuisha, na bado akaamua ugomvi wa mpaka bila kukosea mgomba hata mmoja. Pombe ilimwogopa, watu walisema. Asubuhi kabla ya kwenda kwenye shamba la kahawa alikunywa kata moja, na kabla hajaipata hakuna aliyethubutu kumpa kikombe cha chai kilichojaa, maana kingemwagika. Hiyo kata ya asubuhi nyumbani tuliiita uji. "Baba hajapata uji wake," mama angesema, nasi tunapita kwa kunyata.

Na lazima niseme hili, maana wasiotoka kwetu hawalijui: mbege hainywewi peke yako. Anayekunywa peke yake ni mchawi, au ana roho mbaya, au ni mlevi. Lazima awepo wa kupokezana naye kata, na mdogo ndiye anayeonja kwanza kuonyesha kuwa haina sumu, kisha anampa mkubwa. Kwa hiyo kila jioni baba alisimama penye migomba akapaza sauti kuvuka mfongo. Baba mdogo akaweka randa chini, akapangusa vumbi la mbao, akaja kuonja.

Mama mdogo, mke wake, alivumilia miaka. Alikuwa mwanamke mrefu wa Kibosho, mchuuzi wa ndizi soko la Mbuyuni, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha mabasi. Siku aliyochoka ilikuwa Jumapili, zamu ya jumuiya kusali nyumbani kwake. Amefagia, amepika mtori, ametandika kitambaa cheupe mezani. Viti havikutosha, akamtuma mumewe ng'ambo akaazime benchi kwa baba. Baba akasema, "Benchi lipo, onja kwanza." Wanajumuiya walipofika wakiwa na rozari mikononi, walimkuta mwenye nyumba amelala mfongoni, benchi juu yake, anawaimbia Kyrie. Waliosimama nyuma walidhani ibada imeshaanza, wakaitikia.

Jioni hiyo hiyo mama mdogo alifunga mizigo akarudi kwao.

Hii ilikuwa ile miaka tuliyoiita ya ruksa. Madukani bia za kopo zimeingia, mitumba imejaa mpaka mapadre wanavaa jaketi za timu za mpira za Ulaya, na mimi ni muuguzi katika wodi ya akili ya hospitali moja mjini Moshi. Baba mdogo alinijia wodini mara mbili tatu, anasimama nje ya dirisha akiwa ameshika kofia. Alikuwa ametuma isale Kibosho kuomba msamaha. Jani hilo kwetu mtu akiletewa ni vigumu kukataa, lakini yeye alikuwa ametuma mengi mno. Ua letu la masale upande wa barabara lilikuwa limekonda, mbuzi wanapenya. Jibu lilikuja kupitia kwa kaka yake mama mdogo, mtu wa maneno makali: "Sisi tulimwozesha dada yetu fundi. Hatukumwozesha kambare."

"Mwanangu," baba mdogo aliniambia pale dirishani, "nyumba haina mtu wa kunigombeza. Kimya kinaniua."

Nilimwonea huruma, na nikiona huruma huwa nakasirika. Nikamwambia aende zake akaache pombe, asinililie hapa mbele ya wagonjwa.

Wiki chache baadaye tukapata mafunzo. Daktari wetu alitufundisha kwa kitabu cha Wamarekani cha magonjwa ya akili, kinene, chenye dalili zimepangwa kwa namba. Kitabu hicho kilisema kuna ugonjwa unaitwa utegemezi wa pombe. Si tabia, si laana, si kukosa malezi. Ugonjwa. Ukikuta dalili tatu kwa mtu, na zimedumu, huyo anao. Nilikaa kwenye kiti nikasisimka mwili. Mimi, mtoto wa Uru, niliyelelewa kwa kipimo cha mfongo!

Jumamosi nilipanda nyumbani na daftari langu. Nikamkuta baba mdogo anakula kiburu, ndizi na maharage, kilicholala, peke yake, na kitanda cha bibi harusi wa watu kimesimama karakana bila miguu. Nikamuuliza maswali. Je, hulewa wakati una kazi inakungoja? Akakitazama kitanda. Je, huendelea kunywa hata baada ya pombe kukuletea ugomvi nyumbani? Akaitazama nyumba. Je, hupoteza muda mwingi kwenye kunywa na kuzinduka?

"Muda mwingi uko mfongoni," akasema. "Unahesabiwa?"

"Unahesabiwa."

Nikafunga daftari, nikamwambia kwa sauti niliyokuwa nimeifanyia mazoezi kwenye basi, "Baba mdogo, wewe si mlevi. Wewe ni mgonjwa."

Akaweka bakuli chini. "Mgonjwa? Mgonjwa kabisa?"

"Kabisa."

"Mgonjwa wa kuugua, au mgonjwa wa kusema tu?"

"Wa kuugua. Una ugonjwa wenye jina, umo kitabuni."

Aliruka akanikumbatia, vumbi la mbao likaniingia puani. "Aika mbe! Aika!" akanishukuru kwa Kichaga. Sijawahi kuona mtu akifurahia ugonjwa namna hiyo. Nami sikuelewa mpaka aliponikalisha akaanza kunieleza kama padre anayefafanua injili. "Unakumbuka kiapo cha ndoa? Katika taabu na raha, katika afya na ugonjwa. Ugonjwa umetajwa! Ulevi je, umeusikia? Haumo. Mke anaweza kumkimbia mlevi, na watu watamwelewa. Mgonjwa ukimkimbia, utamwambia nini Mungu?"

Kesho yake tulikwenda Kibosho. Alinilazimisha nivae gauni jeupe la kazi na kofia, Jumapili, watu wananisalimia njiani wakidhani kuna kipindupindu. Yeye alivaa koti lake na sweta juu ya koti, akatembea taratibu akishika ubavu.

"Ubavu wa nini?" nikamuuliza. "Ugonjwa wenyewe hauko ubavuni."

"Wao watajuaje uko wapi?"

Mama mdogo alitusikiliza amesimama, mikono kiunoni. Kaka yake alikuwa kando anacheka kwa pua. Nikasoma dalili zote, nikaonyesha namba. Mama mdogo akaniangalia mimi, akamwangalia mumewe na sweta yake, na nikaona macho yamelainika ingawa mdomo umekaza.

"Wewe ni mtoto wetu, huwezi kunidanganya," akasema. "Kitabu kinasema anaumwa?"

"Kinasema."

"Mlevi simtaki, hata akipakwa asali. Lakini mgonjwa niliapa." Akageuka kwa kaka yake. "Siku atakapopona akaendelea kutumbukia, utakuja kunichukua mwenyewe."

"Nitakuja na gari," kaka yake akasema.

Ndivyo alivyorudi. Na ndivyo balaa lilivyoanza, maana kwetu mgonjwa haachwi. Habari zilipozagaa kwamba baba mdogo anaumwa, jumuiya nzima ilivuka gogo kumpa pole. Huyu na maziwa, huyu na mayai, huyu na kuku amefungwa miguu. Wanawake watu wazima wakaja na chupa za plastiki zimefungwa kwa kanga. Nikauliza, shikamoo mama, hiyo ni nini? Marahaba mwanangu, ni mbege kidogo ya mgonjwa. Nyepesi, ya jana tu, ina ulezi wa kutosha, inarudisha nguvu.

"Anaumwa pombe!" nikapiga kelele.

"Ndiyo tumesikia, masikini. Ndiyo maana hatukuleta kali."

Nilitaka kulia. Nililia, kusema kweli, nyuma ya banda la nguruwe, kwa hasira. Baba mdogo alikuwa kitandani, shuka mpaka kidevuni, anapokea pole kwa sauti ndogo na kuuliza kwa adabu kama ni vibaya kukataa zawadi. Mama mdogo hakuuliza mtu. Alipokea kila chupa, akasema ahsante, akazungusha nyuma ya nyumba akaimwaga kwenye kihori. Nguruwe wa nyumba ile walilala siku nzima wakikoroma kama wanaume, na mmoja alipoamka alijigonga ukutani.

Lakini ajabu ni kwamba alipona. Kila siku ya kliniki alishuka mjini, viatu vimepakwa rangi, anakaa kwenye benchi la wodi yetu akiwaeleza wengine ugonjwa wao. Kitanda cha bibi harusi kikapata miguu, ingawa bibi harusi mwenyewe alikuwa ameshapata mtoto. Jioni sauti ya randa ilisikika mpaka kwetu. Baba naye alikuwa muungwana, hakumwita. "Mgonjwa aachwe apumzike," alisema, akaanza kutafuta wa kupokezana naye kata miongoni mwa wapita njia. Alimkamata mtu wa chanjo za ng'ombe. Alimkamata mchuuzi wa mitumba akiwa na furushi kichwani, akamwachia jioni akiwa hajui furushi liko wapi. Watu wakaanza kupita njia ya chini.

Kisha daktari wetu akarudi kutoka safari na kitabu kipya.

Ni kitabu kile kile, toleo jingine. Wenye kitabu walikuwa wamekaa huko kwao wakakipanga upya. Nilikifungua kwa upole tu, kama mtu anayeangalia kama nyumba yake ilipigwa rangi nzuri, nikakuta wamehamisha kuta. Kulewa wakati kazi inakungoja, hakumo tena kwenye utegemezi. Ugomvi wa nyumbani, haumo. Hizo zimetolewa zikatiwa kwenye kapu la pili, na hilo kapu la pili limepewa jina la matumizi mabaya ya pombe. Nikahesabu za baba mdogo. Amebaki na muda wake wa mfongoni, basi.

Nilipanga kutafuta namna nzuri ya kumwambia. Daktari akaniwahi. Siku ya kliniki akampigapiga begani mbele ya benchi zima, akasema kwa furaha ya kweli, "Hongera mzee wangu! Tumepitia jalada lako upya. Wewe huna utegemezi!"

Baba mdogo akashika ukuta. "Daktari, usiseme hivyo. Mimi nina mke."

Benchi zima lilisikia, na mmoja alikuwa wa Kibosho. Baba mdogo alinifuata kwenye chumba cha dawa, macho yamemtoka. "Mwanangu, hakuna namna ukanirudisha kwenye kitabu cha zamani? Mimi kile nilishakizoea."

"Hakitumiki tena."

"Kinitumikie mimi peke yangu. Sitamwonyesha mtu."

Nilicheka, na nikajuta kucheka, maana yeye alikuwa hachezi. Aliketi juu ya katoni ya glavu akaniambia wazi, "Akiondoka safari hii harudi." Nikaona kwamba kweli mzigo huo ulikuwa juu yangu kuliko juu yake, kwa sababu mimi ndiye niliyempeleka Kibosho nimevaa gauni jeupe.

Jumapili iliyofuata kaka yake mama mdogo alikuja na gari, kama alivyoahidi. Alikuja na wazee wawili wa kwao. Kikao kikafanyika kwetu, uani kwa baba, maana baba ndiye mkubwa na ndiye wa kuamua. Mama yangu akaleta mbege, kwani nani ameona ugomvi ukisuluhishwa kwa midomo mikavu? Baba mdogo akaonja kama desturi, kidogo sana, akampa baba. Mama mdogo alikaa pembeni juu ya sanduku lake. Alikuwa ameshalifunga.

"Sisi hatuna maneno mengi," kaka yake akaanza. "Dada yetu alirudi kumuuguza mgonjwa. Tumesikia mgonjwa hakuna. Kweli au si kweli?"

Wote wakanitazama. Nikasema, "Kwa kitabu kipya, hana utegemezi. Alicho nacho ni matumizi mabaya."

"Mabaya!" Akawageukia wazee wake. "Mmesikia wenyewe. Hata Wamarekani wameona ni mabaya."

"Hayo mabaya nayo ni tatizo la kitaalamu," nikasema, nikijisikia joto shingoni.

"Dada, la kitaalamu au la kienyeji, kambare ni kambare."

Baba akaingilia kwa heshima yake yote. Alisema mdogo wake ni mtu mwema, kosa lake ni kwamba hana kichwa, na kukosa kichwa si dhambi. Wazee wakaitikia kwa kutikisa vichwa. Mama mdogo akanyanyua mkono. "Mimi mambo ya vitabu mtanisamehe. Nataka kujua kitu kimoja tu. Nikikaa, huyu atatumbukia tena au hatatumbukia? Kama atatumbukia, gari liko pale."

Kaka yake akaniambia niyasome hayo maswali mapya, yote, hapo hapo, kila mtu asikie. Nikafungua daftari.

"Baba mdogo, siku hizi unahitaji kunywa nyingi kuliko zamani ndipo uisikie?"

"Mimi? Kata ya pili tu naona magogo mawili."

Watu wakacheka. Baba akacheka kuliko wote. "Nimewaambia hana kichwa. Mimi siku hizi namaliza mtungi ni kama nimekunywa maji." Wazee wa Kibosho wakamtazama kwa heshima.

"Asubuhi usipokunywa, mikono inatetemeka? Unatoka jasho?"

"Hapana. Asubuhi kichwa kinaniuma na nina aibu, basi."

"Kutetemeka ni uzee tu," baba akasema. "Ukipata uji wako, kunatulia." Mama alikuwa anajaza kata. Akasimama hivyo hivyo, mkono hewani, mbege ikafurika ikamwagikia miguu yake, asihame.

Mimi nilikuwa nimeshikilia daftari na siyaoni maandishi. Nimesoma, nimefaulu, nimefundisha wengine, na majibu yanakuja kutoka kiti kisichoulizwa. Nyani haoni kundule, lakini mtoto wa nyani naye haoni? Nikaendelea kwa sauti ambayo haikuwa yangu. "Umewahi kujaribu kupunguza ukashindwa?"

"Ile miezi niliyokuwa mgonjwa niliacha kabisa," baba mdogo akasema. "Wala haikunisumbua. Nilikuwa nalala vizuri."

"Isipokuwepo, unaitamani?"

"Hapana."

Kaka yake mama mdogo akaruka. "Sasa wewe bwana! Huitamani, haikusumbui ukiiacha, na ukiinywa inakutumbukiza. Unakunywa ya nini?"

Baba mdogo akainamisha kichwa, akaangalia vidole vyake vya useremala.

"Huwa naitwa," akasema.

Hakuna aliyeuliza na nani. Sauti ile ya jioni tuliijua wote, tangu mlango wa msitu mpaka barabarani. Hakuna hata mmoja aliyegeuka kumtazama baba, na kwa hilo nikajua kwamba kila mtu alikuwa anajua, isipokuwa sisi wa nyumba ile.

Mama mdogo akasimama. Mke wa mdogo mtu hasemi na shemeji mkubwa akiwa amesimama, hilo hata mtoto wa kwetu anajua. Alisimama na urefu wake wote.

"Shemeji, mimi nakuheshimu. Umenipokea hapa nikiwa binti. Lakini leo nasema mbele ya ndugu zangu. Usimwite. Mimi sihitaji kitabu, cha zamani wala kipya. Wewe usimwite mume wangu, nami siendi popote."

Nilidhani baba angelipuka. Nilimwona anavuta pumzi, mishipa ya shingo imesimama, na nikajiandaa. Kilichotoka kilikuwa sauti ndogo, ya kulalamika, ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Kwa hiyo ninywe peke yangu? Kama mchawi?"

Wazee wa Kibosho wakageuka kutazama mibuni. Mimi nikafunga daftari. Baba akanyoosha mkono kuichukua kata, ukatetemeka, akaurudisha juu ya goti na kuufunika na mwingine.

"Haya," akasema. "Sitamwita."

Kaka yake mama mdogo aliwasha gari lake akaondoka na wazee wake, akilalamika kuhusu petroli. Mama mdogo akambebesha mumewe sanduku. Walivuka gogo, yeye nyuma anamwelekeza, "Kushoto! Kushoto, wewe bwana, unataka kutumbukiza nguo zangu?" na baba mdogo alikuwa anacheka kwa sauti bila kunywa chochote.

Siku ya pili yake jioni nilikuwa bado nyumbani. Baba alikaa kwenye kigoda chake, kata imejaa mbele yake, haijaguswa. Ng'ambo randa ilikuwa inafanya kazi. Saa yake ya kuita ikafika. Nilimwona anafungua mdomo akiangalia upande wa mfongo, anaufunga. Barabarani hapakuwa na mpita njia. Jasho lilikuwa limemjaa kwenye paji la uso, na baridi ya Uru nyote mnaijua.

Akaniita. Nikaenda nimeshajaa hasira, nikidhani anataka nionje mimi. Akanionyesha kigoda cha pili.

"Lete yale maswali yako," akasema.

"Ya nani, Baba?"

"Lete tu."

Nikakaa. "Nikuulize kwa kitabu kipi? Cha zamani au kipya?"

Akafikiri sana, mzee aliyekuwa akiamua mipaka ya watu.

"Kipo ambacho mimi simo?"

Nilivipitia kichwani, cha zamani, kipya, namba kwa namba. Nilitamani kupata kimoja. Nilitamani hata kurudi kwenye kipimo cha mfongo.

"Hakuna, Baba."

Akatikisa kichwa polepole, akaisogeza kata kwangu kwa mikono miwili, nusu ikamwagika chini. "Basi nipangie siku ya kuja huko wodini kwenu," akasema. "Ila mama yako asijue."

Mama alikuwa amesimama nyuma yake muda wote, kanga mdomoni, akilia bila sauti.